Kompyuta ya mezani imezeeka: ubadilishe prosesa, au shida iko kwingine?

Mama mmoja mwenye steshenari alinijia akiwa na prosesa mkononi, kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Alikwisha kuinunua, Core i7-3770 ya Intel, na ombi lake lilikuwa moja: niipachike kwenye Dell OptiPlex 7010 yake, maana mashine "imekuwa nzito" na wateja wa kuchapisha barua wanapanga foleni mpaka nje. Nilipofungua boksi la mashine nilikuta prosesa ya Core i5-3470, kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) cha GB 4, na hadi diski (hifadhi ya faili yenye sahani inayozunguka) ya GB 500 inayokwaruza. Nikaipachika i7 kama alivyotaka. Windows ikachukua muda uleule kuwaka. Siku ya pili tukaweka SSD, hifadhi ya faili isiyo na kitu kinachozunguka, na kijiti kingine cha RAM, na foleni ikaisha. Ile i7 haikumsaidia chochote, na fedha yake ilitokana na kutoa kopi, karatasi moja baada ya nyingine.

Hali hii naikuta mara nyingi mno. Mashine nyingi za mezani zinazotumika kwenye steshenari zetu, maofisini, shuleni na kwenye studio ni mitumba ya ofisi za ng'ambo: OptiPlex 7010 na HP Compaq Elite 8300 za mwaka 2012, au OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1 zilizofuata mwaka 2013. Ni mashine imara sana. Zikianza kuchelewa, lawama ya kwanza huiendea prosesa kwa sababu jina lake limebandikwa mbele ya boksi. Mimi huiweka prosesa mwisho wa orodha ya watuhumiwa, na hapa nitaeleza ninavyofika huko.

Kabla ya yote: angalia wakati unasubiri

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda kwenye ukurasa wa grafu. Utaona prosesa, RAM na diski, kila moja na asilimia yake. Sasa fanya kile hasa kinachokukera: fungua Word, fungua kivinjari chenye kurasa kumi, anza kutoa video iliyohaririwa. Soma grafu wakati huohuo unaposubiri. Ukiziangalia baada ya kazi kwisha, zote zitakuwa zimetulia na hutapata jibu lolote.

Chukua pia simu, washa saa ya kupimia, na uandike kwenye karatasi: sekunde ngapi tangu kubonyeza swichi hadi kuweza kufungua faili, dakika ngapi kutoa video ya dakika kumi. Bila namba hizo, baada ya matengenezo utabaki unahisi tu kwamba mashine imechangamka, na hisia ya mtu aliyetoka kulipa haiaminiki.

Kwenye ukurasa huohuo jina la prosesa limeandikwa. Namba inayoanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 3470 ni kizazi cha 3, 4570 ni cha 4, 6500 ni cha 6, 8500 ni cha 8, 10400 ni cha 10. Chini yake utaona idadi ya viini na idadi ya nyuzi. Viini ni wafanyakazi halisi. Nyuzi ni njia ya kumpa mfanyakazi mmoja kazi mbili apokezane nazo. Core i3-3220 ina viini 2 na nyuzi 4, na viini hivyo havigeuki vinne kwa sababu tu grafu zinaonekana nne.

Dalili: inachukua dakika kadhaa kuwaka, kila programu inafunguka kwa kusuasua

Grafu ya diski iko 100%, prosesa iko 10 au 20. Hapa hakuna mjadala: ni hadi diski.

Sababu yake iko kwenye umbo la chombo chenyewe. Hadi diski ya kawaida ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua zaidi kidogo ya milisekunde 8. Kila Windows inapotaka kipande cha faili, mkono wa kusomea lazima usogee, kisha usubiri kipande hicho kizunguke kifike chini yake. Kwa vipande vilivyotawanyika, diski hiyo hujibu maombi kama mia hivi kwa sekunde. Kuwasha Windows ni maelfu ya maombi ya namna hiyo. SSD haina kitu cha kuzungusha, kwa hiyo inajibu maelfu kwa maelfu kwa sekunde. Ukimpa i7 diski ya kuzunguka, atasubiri mzunguko uleule aliokuwa akiusubiri i5.

Mambo matatu ya kuangalia unapoweka SSD kwenye mashine hizi. La kwanza, ubao mama (ule mkubwa unaobeba vipande vyote) wenye chipseti (chipu inayoamua ubao unakubali nini) ya Q77, kama ule wa 7010 na Elite 8300, una njia mbili tu za SATA (plagi za diski) zenye kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde. Nyingine ni gigabiti 3. Soma maandishi madogo kwenye ubao, uchomeke SSD kwenye SATA 0 au 1. La pili, Dell nyingi hutoka kiwandani BIOS, programu ya ubao inayoamka kabla ya Windows, ikiwa kwenye hali ya RAID, moja ya namna za kuongea na diski. Ukinakili Windows ya zamani kwenda SSD kisha ukageuza hali hiyo kuwa AHCI, namna nyingine ya kuongea na diski, bila kuiandaa Windows, itakuonyesha skrini ya bluu. Ama uiache kama ilivyokuwa, au ugeuze kwanza ndipo usakinishe Windows upya. La tatu ndilo kubwa: pima diski ya zamani kwa CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, kabla hujaigusa. Ikionyesha njano au nyekundu, acha kila kitu na unakili kwanza nyaraka za mwenye mashine. Diski inayokufa hupunguza mwendo kabla ya kunyamaza kabisa, na mtu atadhani mashine imezeeka kumbe picha za familia yake ziko hatarini.

Lakini tazama RAM kabla ya kuihukumu diski. Kama RAM imejaa 90% na zaidi, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, huku na huku, na diski inaonekana ina hatia wakati inabebeshwa mzigo wa mwenzake. GB 4 kwa kivinjari cha leo na Word kwa pamoja hazitoshi. GB 8 ndicho kiwango changu cha chini kwa steshenari. Anayehariri video aanze na 16.

Kwenye kununua RAM watu huumizwa kwa namna tatu. Kizazi cha 2 hadi cha 4 hutumia DDR3, na DDR4 haiingii kwa nguvu wala kwa ujanja. RAM za seva, zile zenye alama ya R mwishoni mwa namba kama PC3-12800R, huuzwa kwa bei ya kuvutia lakini mashine za mezani hazizikubali. Na ukikuta Windows inasema GB 8 zimewekwa lakini zinazotumika ni 3 na ushee, angalia kama uliwekewa Windows ya biti 32. Hapo hununui kitu. Unasakinisha ya biti 64. Ukiweza, weka vijiti viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, maana prosesa itasoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na mashine isiyo na kadi ya picha hunufaika zaidi kwa sababu picha nayo inakula RAM hiyohiyo.

Dalili: asubuhi iko vizuri, ikifika saa tano imechoka

Feni inavuma kama pikipiki ya kupanda mlima, na kazi iliyokuwa ikienda vizuri inaanza kukokota. Hili ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Utaona kwenye Task Manager: matumizi yako juu, lakini kasi ya GHz inashuka chini ya ile iliyoandikwa kwenye jina. Programu ya HWiNFO itakupa joto lenyewe.

Fungua boksi. Mara nyingi utakuta vumbi limeshikana kati ya mapezi ya hitisinki, chuma kinachopoza prosesa, mpaka hewa haipiti. Huku pwani, Tanga, Dar, Mombasa na Unguja, vumbi hilo huchanganyika na unyevu na chumvi, likawa kama udongo. Lipulize nje ya chumba, ukiishika feni kwa kidole isizunguke hovyo. Ikiwa pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na hitisinki imekauka, ifute kwa spiriti na upake mpya, tone la ukubwa wa punje ya choroko linatosha. Nimewahi kukuta dawa ya meno mahali pa pesti. Inapoza siku chache, kisha inakauka na kuwa kizuizi cha joto.

Kwenye OptiPlex kuna kava la plastiki linaloelekeza hewa ya feni ipite kwenye hitisinki. Mafundi wengi hulitoa wasilirudishe kwa sababu mashine inawaka bila hilo. Lirudishe. Na boksi lenyewe litoe kwenye lile kabati la meza lenye mlango. Limejengwa kupumulia mbele na nyuma.

Kuna ndugu wa dalili hii asiye na uhusiano na joto: kasi imeganda chini hata kazi ikiwa nzito. i5-3470 ikipumzika hushuka hadi GHz 1.6, na hilo ni kawaida yake. Ikibaki hapohapo wakati grafu iko 100% na joto ni la kawaida, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows; huenda mtu aliiweka kwenye hali ya kubana matumizi na kusahau.

Dalili: prosesa iko 100% na hakuna nilichofungua

Panga orodha ya programu kwa matumizi ya prosesa uone nani yuko juu. Kama ni Windows inajisasisha au kinga ya virusi inakagua, iache imalize, hata kama ni saa mbili. Mashine iliyozimwa kila jioni katikati ya sasisho huanza upya kila asubuhi, na mwenyewe ataapa kwamba imezeeka. Kama ni programu usiyoijua, chomoa intaneti na ukague virusi. Mashine zinazopokea flashi za wateja kutwa nzima, na zile zilizowekewa Windows ya kuvunjwa ufunguo, ndizo ninazozikuta na programu za siri zinazochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa mwenye duka. Prosesa mpya hapo inamnufaisha mwizi.

Na kama kurasa za mtandao zinakataa kufunguka zikidai hazina usalama, tazama saa ya kompyuta kwanza. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha. Ni kibetri cha bei ndogo kabisa.

Dalili: YouTube inakatakata, video za simu zinagoma kwenye kuhariri

Hapa ndipo umri wa prosesa unapoanza kuonekana kwa haki, ingawa kwa namna ambayo wengi hawaitegemei.

Video inafungwa kwa mfinyo wa aina fulani, na prosesa huwa na sehemu maalumu ya kuufungua. Ikikutana na mfinyo ambao sehemu hiyo haiujui, viini vya kawaida hulazimika kuufungua kwa nguvu, na matumizi yanapanda hadi 100. Kizazi cha 3 cha Intel kinaujua H.264 vizuri. HEVC, ambao pia huitwa H.265 na ndio unaotumiwa na simu nyingi za sasa kurekodi, hakiujui. Kizazi cha 6 kiliujua ule wa biti 8, na kizazi cha 7 kikaongeza wa biti 10 pamoja na VP9, ambao YouTube huutumia sana.

Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video ya YouTube, chagua takwimu za mwisho kabisa kwenye orodha, utaona aina ya mfinyo: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Kama ni vp09 au av01 na mashine ni ya kizazi cha 3 au cha 4, weka kwenye kivinjari kiongezi cha h264ify. Kinaiomba YouTube ilete H.264. Mashine iliyokuwa ikikata pumzi itatulia bila kununua chochote.

Kwa wanaohariri video za harusi na send-off, ushauri wangu ni tofauti kidogo. Kutoka i5-3470 kwenda i7-3770 hakuleti ufunguzi wa HEVC. Zote mbili ni za kizazi kimoja na haziujui. Utapata nyuzi nyingi zaidi za kusukuma kwa nguvu, basi. Kinachosaidia zaidi ni kubadilisha video za simu kuwa H.264 kabla ya kuanza kukata, au kutumia nakala nyepesi ambazo Premiere na DaVinci Resolve hutengeneza. Kadi ndogo ya picha kama GeForce GT 1030, inayotumia wati 30 na yenye toleo fupi la kuingia kwenye boksi jembamba, inafungua HEVC na VP9 kwa vifaa vyake yenyewe, ingawa haisaidii katika kutoa video iliyokamilika, na AV1 haiujui.

Dalili: grafu iko 25% tu, lakini programu imeganda

Prosesa ya viini 4 bila nyuzi za ziada ikionyesha 25% kwa uthabiti, kuna uwezekano mkubwa kiini kimoja kimejaa na vitatu vinakaa bure. Bonyeza grafu kwa kitufe cha kulia uigeuze ionyeshe kila uzi peke yake, utaona. Programu za zamani za uhasibu na baadhi ya hesabu nzito za Excel hufanya hivi. Kwa programu ya aina hii, kuongeza viini hakusaidii. Inahitaji kiini kimoja chenye mwendo. i5-3470 hufika GHz 3.6, i7-3770 hufika 3.9. Tofauti ni kama asilimia 8. Kazi ya dakika kumi itapungua kwa chini ya dakika moja. Mtu asikuuzie hiyo kama ukombozi.

Basi, lini ni prosesa kweli?

Ni pale ambapo SSD ipo, RAM ina nafasi, joto ni la kawaida, hakuna virusi, kasi ya GHz iko juu inakopaswa kuwa, na bado grafu zote za nyuzi zimejaa 100% kwa muda wote wa kazi unayoifanya kila siku. Kutoa video, kutengeneza muziki wenye trak nyingi, kufungua faili kubwa zilizobanwa, kuchora ramani za majengo za pande tatu. Hapo prosesa imekiri yenyewe.

Na hata hapo, swali linabaki: kubadilisha prosesa au kubadilisha mashine? Kwa uzoefu wangu kuna hali moja inayolipa vizuri: una prosesa ya chini kabisa ya kizazi chake, na ubao wako unaikubali ya juu ya kizazi hichohicho. Mwenye i3-3220 yenye viini 2 akienda i7-3770 ya viini 4 na nyuzi 8, anapata wafanyakazi mara mbili, na kila mmoja anakimbia zaidi. Hilo linaonekana kwa macho. Vivyo hivyo i3-4130 kwenda i7-4770 au 4790 kwenye OptiPlex 9020. Mwenye i5 ya viini 4 akienda i7 ya kizazi hichohicho anaongeza nyuzi tu. Kwa mtoa video inaweza kustahili bei ikiwa ndogo. Kwa mwandika barua, hapana.

Sasa mitego, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu prosesa iliyotumika ikishafunguliwa wauzaji wengi hawairudishi.

Soketi kwanza, yaani kiti cha prosesa kwenye ubao. Kizazi cha 2 na cha 3 hukaa LGA1155, cha 4 hukaa LGA1150, cha 6 na cha 7 hukaa LGA1151. Hata namba ya soketi ikilingana, chipseti na BIOS zina kauli. HP Compaq 8200 Elite na OptiPlex 990 zilitengenezwa kwa kizazi cha 2. Usinunue cha 3 kwa ajili yake kwa sababu tu kinaingia. Mtego mkubwa zaidi ni wa kizazi cha 8: i5-8400 nayo hukaa soketi iitwayo LGA1151, lakini haiwaki kwenye bao za kizazi cha 6 na cha 7. Inaingia, unafunga, unawasha, kimya.

Herufi za mwisho. i5-3470 ina viini 4. i5-3470T ina viini 2. Herufi moja, nusu ya prosesa, na nimeziona zote mbili kwenye trei moja. T ni ya kubana umeme, S iko katikati na inafaa maboksi madogo kabisa yasiyohimili wati nyingi. P, kama i5-3350P, haina sehemu ya picha. Katika vizazi vipya herufi hiyo ni F. Xeon E3-1230 v2 na 1240 v2, prosesa za seva, husifiwa kama i7 ya bei nafuu, na kwa nguvu ni kweli, ila nazo hazitoi picha bila kadi. Mwenye boksi asiye na kadi ataona skrini nyeusi na kudhani kauziwa mbovu.

Pawa saplai. 7010 ya boksi kubwa ina wati 275, ile nyembamba 240. i7-3770 na i5-3470 zote ni za wati 77, kwa hiyo kubadilishana hizi hakusumbui. Shida huanza ukiongeza kadi ya picha inayotaka umeme mwingi, na kwenye 9020 plagi ya ubao ni ya pini 8 ya Dell yenyewe, haipokei pawa saplai ya kawaida bila kiunganishi maalumu.

Windows ndiyo inayoamua zaidi sasa

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa masharti rasmi ya Microsoft, inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo) na, kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 kwenda mbele isipokuwa prosesa chache za cha 7. Hakuna prosesa utakayopachika kwenye ubao wa 7010 itakayokufikisha huko. Njia za mkato zipo, lakini kwa mashine inayobeba nyaraka za wateja sizipendekezi. Na kwa wale wa Core 2 Duo, prosesa za zamani zaidi, toleo la 24H2 la Windows 11 haliwaki kabisa kwao, kwa sababu linahitaji amri ambazo prosesa hizo hazina.

Kwa hiyo kabla ya kulipia i7-3770, uliza bei ya boksi la kizazi cha 8 lililotumika, kama OptiPlex 5060 au HP ProDesk 600 G4 lenye i5-8500: viini 6, hadi GHz 4.1, wati 65, linafungua HEVC na VP9, na linakubali Windows 11. Hata i3-8100 ya kizazi hicho ina viini 4 kamili. Kipimo changu: gharama ya prosesa, pesti na ufundi ikizidi theluthi moja ya bei ya boksi hilo, naweka fedha pembeni na kusubiri. SSD utakayonunua leo utahama nayo. RAM ya DDR3 haihami, basi usiijaze kupita mahitaji.

Kama kazi yako ni barua, mtandao na kuchapisha, Linux Mint (badala ya Windows) pamoja na LibreOffice (badala ya Word) kwenye i5-3470 yenye SSD na GB 8 inaendelea kupata masasisho ya usalama na inakwenda kwa wepesi. Hakikisha tu kwanza kwamba printa na skana zako zinakubali, kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kusakinisha.

Wenye AMD Ryzen, prosesa za mshindani wa Intel, wana bahati tofauti. Soketi ya AM4 waliyoanza nayo mwaka 2017 iliendelea kupokea prosesa mpya kwa miaka mingi. Mwenye Ryzen 3 1200 ya viini 4 anaweza, baada ya kusasisha BIOS, kupachika Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 yenye viini 6 na nyuzi 12 kwenye ubao uleule, kama mtengenezaji wa ubao ameitaja kwenye orodha yake. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, na umeme wa kuaminika. Ukikatika katikati, ubao unaweza kufa. 5600 haina sehemu ya picha, kwa hiyo anayetoka Ryzen 3 2200G bila kadi achague 5600G. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, andika ufunguo wa kuifungulia pembeni kabla ya kuanza, maana baadhi ya bao huweka TPM ndani ya prosesa yenyewe.

Siku ya kubadilisha, na dalili za baada yake

Sasisha BIOS hata kwenye Intel. Washa mashine dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, bonyeza swichi umeme uliobaki uishe. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa, basi zungusha hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuinua, la sivyo itang'oka na prosesa yake. Kwenye LGA pini ziko kwenye ubao na ni laini kama nywele. Prosesa inawekwa, haisukumwi. Vijipengo vya pembeni vikikataa kukaa, umenunua soketi isiyo yake.

Ukiwasha na skrini ni nyeusi, usikimbilie kusema prosesa ni mbovu. Chomoa na urudishe waya wa umeme wa pini 4 ulio karibu na prosesa. Husahaulika kuliko vyote. Toa RAM, rudisha kijiti kimoja. Toa kibetri cha BIOS dakika chache. Angalia kama prosesa hiyo ina sehemu ya picha. Mwishowe rudisha ile ya zamani: ikiwaka, ubao ni mzima na mgogoro uko kati ya BIOS na prosesa mpya. Ikiwaka lakini RAM inaonekana nusu, hitisinki imefungwa upande mmoja zaidi au pini imepinda.

Ikikubali, rudia vipimo vyako vya saa kwenye karatasi ileile, kisha iache itoe video nusu saa huku HWiNFO iko wazi. Joto likitulia chini ya nyuzijoto 85, funga boksi. Prosesa ya zamani ifunge kwenye sponji na uihifadhi wiki mbili kabla ya kuiuza.